Kompyuta Niliyoifunika Kitambaa

Mughonile, ndugu zangu. Mwenyekiti amenipa dakika kumi, na mnanijua, mimi nikishika kipaza sauti dakika kumi ni za salamu tu. Leo nitajitahidi. Nimekuja kuzungumzia jambo ambalo nililisema kwa uongo ndani ya ukumbi huu huu, nimesimama hapa hapa, na ninyi mkanipigia makofi.

Wengi mnajua nilikotoka. Niliondoka hapa na begi moja la mgongoni. Dar es Salaam nimekaanga chipsi, nimebeba magunia, nimelala kwenye kibanda cha mlinzi, mpaka nikajisomesha mwenyewe na kupata diploma yangu ya kompyuta. Hakuna mjomba aliyenilipia. Hata leo nikilitaja hilo kifua kinatoka mbele chenyewe, mnisamehe. Niliporudi Tukuyu nilitembea na cheti kwenye bahasha ya plastiki kama mtu anayetembea na hati ya shamba. Mtu akiniuliza njia ya kwenda stendi, nilikuwa naweza kumaliza kwa kumwambia nimesomea nini.

Mkanipa kazi. Chama chetu cha wafugaji kilikuwa kinapokea maziwa kwa madaftari, vituo vitatu, Kinyala, Lupepo na Matwebe, na kila siku kulikuwa na ubishi: tangi limejaa, halijajaa, limepoa, halijapoa. Nikawatengenezea mfumo. Kila tangi la kupozea nikalifunga kipimajoto kinachotuma habari kwenye kompyuta kubwa ya ofisini hapa mjini. Mfugaji akileta keni yake, karani anapima maziwa, anabonyeza namba ya mwanachama, kompyuta inaangalia hali ya tangi, halafu kioo kinageuka kijani. Kijani ikitokea, mimina. Isipotokea, ngoja.

Na nikasema kwa madaha, mnakumbuka: "Joto la tangi litaandikwa upya kila sekunde! Kila sekunde, wazee wangu!" Hakuna aliyeniomba iwe kila sekunde. Maziwa hayachemki kwa sekunde moja. Ni mimi tu nilipenda namba zinavyochezacheza kwenye kioo.

Halafu nikapiga marufuku madaftari. Nilipita kituo kwa kituo nikiyakusanya. Matwebe nikamkuta dada karani, ambaye alikuwa pale miaka mingi kabla yangu, anafuta mikono kwenye khanga. Akaniuliza, "Sasa mtaalamu, kompyuta ikiugua tutaandika wapi?"

Nikamjibu mbele ya foleni ya watu, "Dada, wewe uliishia darasa la saba. Mambo ya kuugua kwa kompyuta niachie mimi."

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Alinipa daftari moja. Nilidhani alikuwa nalo hilo tu.

Ndugu zangu, kwa miezi michache mfumo ulikwenda vizuri, na hilo silikanushi. Ikaja Jumanne moja wageni kutoka wilayani wakaja kutazama. Mimi nikajiandaa kama bwana harusi. Ofisini kulikuwa na kompyuta ya pili, ya pembeni, nikaiandaa kwa maonyesho. Tatizo likawa zile namba zangu za kila sekunde. Nikianza kueleza kwamba tangi la Lupepo liko nyuzi nne, kabla sijamaliza sentensi imekuwa nne na nusu. Mgeni mmoja ananiangalia kwa jicho la "mbona unasema hivi na kioo kinasema vile."

Sasa kanzidata, yaani lile daftari kubwa la ndani ya kompyuta, lina uwezo mmoja mzuri. Unaweza kuliambia: anza kazi, na mpaka nitakapokuambia nimemaliza, nionyeshe kila kitu kama kilivyo saa hii. Wengine waendelee kuandika yao, lakini mimi mwenye dirisha hili nione ya saa hii tu. Nikafanya hivyo. Namba zikatulia tuli. Nikaeleza kwa raha, nikapigwa picha, wageni wakaondoka kwenda kula.

Nami nikawafuata kwenye kula. Neno la kuanza nililiandika. La kumaliza sikuliandika.

Niliporudi, badala ya kuizima ile kompyuta, nikaifunika kitambaa cheupe cha kufumwa, kile mama zetu wanaweka juu ya redio, nikabandika karatasi: KOMPYUTA YA MTAALAMU, USIGUSE. Nilitaka mtu akiingia ofisini aione na aulize ni ya nani.

Niwaeleze kidogo kilichokuwa kinatokea, ili muelewe ukubwa wa kosa. Kanzidata yetu ikiandika joto jipya la tangi, haifuti la zamani papo hapo. Inaandika mstari mpya pembeni na kuuacha wa zamani umekufa pale pale. Baadaye anapita mfagiaji, ni programu inayojiendesha yenyewe, anaondoa iliyokufa ili nafasi itumike tena. Ni utaratibu mzuri. Ila mfagiaji ana adabu. Kukiwa na mtu ambaye bado amefungua dirisha la kutazama mambo ya zamani, hagusi kitu chochote kilichokufa tangu dirisha lile lifunguliwe, asije akamwondolea mtu kitu mbele ya macho. Anasubiri.

Jedwali la matangi lilikuwa na mistari mitatu. Mitatu tu, matangi matatu! Lakini kila sekunde mitatu inakufa na mitatu inazaliwa, usiku na mchana, na hakuna anayezika. Karani akibonyeza namba, kompyuta inatembea katikati ya maiti hizo zote kuitafuta mistari mitatu iliyo hai. Siku ya kwanza ni maelfu kwa maelfu. Wiki ya tatu ni mamilioni.

Umeme ulipokatika, ningeponea hapo. Kompyuta ile ingezimika na dirisha lingejifunga. Lakini mimi nilikuwa nimeifungia betri za jua, nikajisifu kwenye mkutano kwamba ofisi yetu haijui giza. Kweli haikujua. Betri zikashika kosa langu zisiliachie.

Foleni zikaanza. Mwanzoni kioo kilichelewa kidogo, watu wakasema ni mtandao. Halafu kikachelewa sana. Wafugaji wanafika saa kumi na mbili asubuhi na ukungu, keni zinapangwa ukutani, jua linapanda, na kijani haitokei. Kumimina bila kijani nilikuwa nimekataza kwa barua. Saa tatu, saa nne, karani anapima tena kwa spiriti, maziwa yamekatika. Mwenye keni anabeba maziwa yake kwenda kumpa nguruwe. Matwebe ndiko kulikokuwa na wafugaji wengi zaidi, kwa hiyo ndiko yalikoharibika zaidi.

Nilifanya nini? Nililiangalia jedwali, nikaona limevimba kupita kiasi. Nikamwita mfagiaji kwa mkono. Akapita, akaniandikia taarifa: mistari iliyokufa ni mingi mno, lakini haiwezi kuondolewa bado. Nililisoma lile neno "bado." Sikulielewa. Ningeweza kuuliza watu. Kuna watu wanajua mambo haya kuliko mimi, na simu ninayo. Lakini mtu aliyejisomesha mwenyewe akipiga simu kuuliza, atajibu nini akiulizwa, "Kwani diploma yako ni ya nini?" Nikafunga ile taarifa nikajifanya sijaiona.

Kisha Mwenyekiti akaitisha mkutano, humu humu. Watu wana hasira. Mwenyekiti akaniuliza, "Bwana mtaalamu, mfumo wako una ugonjwa gani?"

Ningesema sijui. Maneno mawili tu: bado sijui. Lakini siku mbili kabla yake nilikuwa nimekwenda Matwebe, nikamkuta dada karani ana daftari la pili, huwa analificha chini ya mizani, anaandika, nikamnyang'anya. Nikalichomoa mfukoni mwangu hapa mbele nikaliinua juu.

Nikasema, "Mfumo hauna ugonjwa. Ugonjwa ni watu. Huyu dada hataki kompyuta, ndiyo maana ameficha daftari. Anachelewesha kwa makusudi ili turudi kwenye karatasi. Hii ni hujuma."

Mkapiga makofi. Mzee mmoja akasema kwa sauti, "Aondoke!" Dada akasimama pale nyuma, karibu na mlango, akasema, "Mimi naandika muda tu, wazee wangu." Hakuna aliyemsikiliza. Wakamtoa kwenye meza ya upokeaji, wakampeleka kuosha keni. Daftari lake nikamrudishia mlangoni kwa kulisukuma kwenye kifua chake, nikamwambia, "Chukua ushahidi wako." Na watoto wake wakaanza kuitwa shuleni "watoto wa hujuma." Hili la watoto nimelijua baadaye, na ndilo linaloniamsha mapema kuliko jogoo.

Akaja karani mpya Matwebe. Foleni ikazidi kuwa ndefu. Nikasema anajifunza.

Mama yangu mkubwa, aliyenilea mimi, naye ni mwanachama, anakaa Lupepo. Ana ng'ombe mmoja. Siku moja keni yake ilikatika, ya pili ikakatika, ya tatu nikaenda nyumbani kwake kujieleza kabla hajanifuata. Sikumkuta ndani. Nikamkuta shambani kwenye migomba, ana panga, anafyeka kwa hasira mpaka nikasimama mbali.

Lile shamba lilikuwa halipitiki. Ninyi mnajua, mgomba ukishazaa hauzai tena. Unakata mkungu, unaangusha na shina, linaoza pale pale, chipukizi linapata nafasi. Mama mkubwa huwa shamba lake limefagiwa kama uwanja. Sasa mashina makavu yalikuwa yamesimama na mengine yamelaliana, machipukizi yamepinda kutafuta mwanga, mikungu imeiva mpaka ndege wamechoka.

Nikamwuliza, "Mama mkubwa, umeugua? Mbona shamba limekuwa hivi?"

"Gwe, usiniulize!" akasema, haachi kukata. "Alikuja mnunuzi wa ndizi kutoka mjini. Akazunguka humu, akahesabu, akafunga jani kavu kwenye kila mgomba anaoutaka. Akaniambia, mama, usikate kitu, hata shina, nikirudi nilikute shamba hivi hivi nilivyoliona. Akaenda zake."

"Akarudi lini?"

"Arudi wapi! Mimi nimengoja. Nimempa neno, nitakataje? Kila asubuhi nakuja na panga, naona jani la mtu, naondoka. Shamba linajaa, linajaa. Leo nimesema basi. Mtu anakuja anakuambia acha vitu kama nilivyoviona, halafu anasahau hata kwamba aliviona!" Akaniangalia, akaona nimeganda. "Wewe nawe una nini? Umeona nyoka?"

Sikuona nyoka. Niliona kitambaa cheupe cha kufumwa.

Nawaambia ukweli, hata pale nilijaribu kubisha na moyo wangu. Nikasema labda siyo, labda foleni zilianza kabla ya wageni. Nilihitaji kujua siku zilipoanza, na mimi mwenye mfumo wa kila sekunde sikuwa nimeiambia kompyuta itunze muda wa watu kungoja. Aliyeutunza ni mtu mmoja.

Nikapanda pikipiki mpaka Matwebe. Nikamkuta dada bombani, keni zimepangwa mbele yake, mikono imejikunja kwa maji baridi. Nikamwamkia. Akaitikia bila kuinua uso.

"Dada, naomba kuliona lile daftari."

"Daftari lipi, mtaalamu? Lile la hujuma?"

"Ndiyo. Hilo."

"Mimi ni wa darasa la saba. Utasoma mwandiko wangu?"

"Nitasoma, dada."

Akanawa, akajifuta polepole mno, akaingia ndani, akalileta. Nikalifungua nimesimama. Ndugu zangu, alikuwa hana saa ya mkononi. Alikuwa anapima muda wa kungoja kijani kwa kusali Baba Yetu moyoni. Kila siku ameandika. Siku za mwanzo: hata Baba Yetu moja haiishi. Inaendelea hivyo, kurasa kwa kurasa. Halafu nikafika kwenye ile Jumanne. Ameandika: "Wageni wa wilaya wapo ofisini. Asubuhi sawa." Jumatano: "Imeanza kuwa nzito." Wiki ya pili: Baba Yetu moja na nusu. Wiki ya tatu: Baba Yetu nne kwa keni moja, na chini yake: "Mama wa keni ya mwisho amelia."

Nikamwuliza, "Kwa nini hukunionyesha?"

Akasema, "Ulilishika mkononi mwako mbele ya watu wote. Hukulifungua."

Nilirudi ofisini. Kabla ya kugusa kitambaa, nikaiagiza kompyuta kubwa initajie wote waliofungua kazi na hawajaifunga. Kila kompyuta ina jina. Mstari wa kwanza, wa zamani kuliko yote, ulikuwa wa Jumanne ile ya wageni. Mbele yake imeandikwa kwamba imefungua kazi na imekaa tu, haifanyi lolote. Jina la kompyuta: MTAALAMU. Jina hilo nililiandika mwenyewe siku niliyoitoa kwenye boksi.

Nikavua kitambaa. Kioo kikawaka, na nyuzi nne za tangi la Lupepo zilikuwa bado pale, zimetulia, za mwezi uliopita.

Nikafunga dirisha. Mfagiaji akapita, na safari hii akafagia. Siku hiyo hiyo foleni ikapungua. Lakini jedwali lenyewe lilibaki pana kama shamba la mama mkubwa, tupu katikati. Mfagiaji wa kawaida anaacha nafasi wazi itumike tena, hapunguzi shamba. Kulipunguza ni lazima uandike jedwali zima upya, na wakati huo hakuna anayeruhusiwa kuligusa. Hapo ikabidi niende kwa Mwenyekiti kuomba mapokezi yafungwe Jumapili mchana, baada ya keni za asubuhi. Na huwezi kuomba kufunga vituo vitatu bila kusema sababu.

Nilimweleza yote. Alizungusha kofia yake mkononi, akasema, "Kwa hiyo yule mama yuko bombani kwa ajili yako."

"Ndiyo, mzee."

"Na wewe unanieleza habari za jedwali kwanza."

Ndugu zangu, nimepigwa na polisi Dar es Salaam nikiuza chipsi pasiporuhusiwa. Haikuuma hivyo.

Kazi ilifanyika ile Jumapili. Matangi sasa yanaandika joto kila dakika moja, na inatosha kabisa. Mfagiaji nimemwagiza apite mara nyingi zaidi kwenye lile jedwali. Nimeweka pia sheria ndani ya mfumo: yeyote atakayefungua kazi akaisahau, atatolewa nje, hata akiwa na diploma. Na kila kituo kina daftari, kwa amri yangu mwenyewe. Dada amerudi kwenye meza yake. Juzi nilimwuliza kijani inachukua muda gani, akasema, "Nikisema 'Baba' imeshatokea. Siku hizi sisali kabisa, unaniharibia imani."

Siku niliyofunga lile dirisha nilirudi Matwebe nikamwomba radhi palepale bombani, tukiwa wawili. Akanisamehe. Nikadhani nimemaliza. Wiki iliyopita nikapita sokoni, nikasikia mtu anamwonyesha mwenzake yule dada kwa kidole: "Yule ndiye aliyehujumu maziwa." Nikasimama na nyanya zangu mkononi. Radhi yangu nimeiandika pembeni, wapi watu wataiona? Neno langu la zamani bado limejaa vinywani, na hakuna atakayelifagia wakati mimi niliyelisema nimekaa kimya.

Basi nalitoa hapa nilipoliweka. Dada yule hakuhujumu chochote. Hakuchelewesha keni hata moja. Maziwa yenu niliyaharibu mimi, kwa dirisha nililolifungua ili nipigwe picha, na kwa aibu ya kuuliza. Mliopiga makofi siku ile, siwadai kitu, niliwadanganya. Lakini mkikutana na watoto wake, waambieni. Na ninyi wenye watoto shuleni, waambieni wenu jioni ya leo.

Namshukuru mama yangu mkubwa, ambaye mpaka sasa anadhani alinifundisha habari za ndizi. Namshukuru Mwenyekiti kwa lile neno la kofia mkononi. Namshukuru Mungu kwamba kuna watu wanaandika mambo hata wakikatazwa. Na wewe dada, uliyekaa pale pale karibu na mlango kama siku ile, ndaga fijo.

Vijana mnaorudi na vyeti, nina moja la kuwaambia. Someni sana, jisomesheni, mimi nimefanya na sijuti. Lakini mtu wa darasa la saba akiwa na daftari, lifungueni.

Kuna neno ambalo sikuliandika siku ile ya wageni nikakimbilia chakula. Naomba nilitamke mbele yenu kabla sijakaa.

Nimemaliza.